Kesi ya Kofia

Tarehe 20 Januari 1649, mfalme wa Uingereza, Charles I, aliingizwa katika ukumbi wa Westminster, London, kujibu mashtaka ya kuwafanyia uhaini watu wake mwenyewe. Aliingia na kofia kichwani, akaketi, wala hakuivua. Hakuwa amesahau. Mfalme hamvulii kofia mtu aliye chini yake, na kwa hesabu zake kila aliyekuwamo ukumbini mule alikuwa chini yake. Angeivua, angekuwa amekubali kwamba watu wale wana mamlaka ya kumhukumu. Mwenyekiti wa mahakama, John Bradshaw, naye alivaa kofia, na yake ilikuwa na siri: ndani ilitiwa mabamba ya chuma, maana alihofia kupigwa risasi akiwa kitini. Kofia hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Baada ya siku 10 mfalme alikatwa kichwa.

Wapo wanaotaka mahakama ipige marufuku kila kinachovaliwa kichwani, kuanzia chepeo ya kijana wa mtaani hadi ushungi wa mama wa Kiislamu na kilemba cha Singasinga. Hoja yao kuu ni kwamba sheria ni msumeno: ikate mbele na nyuma, avue kila mtu, yaishe. Kwa kuisikia ni hoja ya usawa. Ukizifuata kesi zenyewe, karne baada ya karne, unaona mahakama zilikuwa zikimtaka mtu akiri kwa mkono wake mwenyewe nani mkubwa na nani mdogo. Kofia ilikuwa kisingizio tu.

Kwa Waingereza wa wakati ule kofia ilikuwa kipimo cha daraja. Wanaume waliivaa nje na ndani, hata mezani. Mkulima alimvulia bwana shamba, mtumishi alimvulia tajiri wake, mtoto alimvulia baba. Halafu, kwenye miaka ya 1650, likazuka kundi la Wakristo waliokataa mchezo huo wote. Ni Waquaker, ambao wenyewe hujiita Marafiki, na ambao leo wako wengi zaidi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote, tangu misheni yao ilipofungua kituo Kaimosi mwaka 1902. Wao walisema kichwa huvuliwa mbele ya Mungu peke yake. Wakati wa sala walivua. Mbele ya hakimu, la.

Kiongozi wao, George Fox, alifikishwa kwa Jaji Mkuu John Glynne huko Launceston, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1656. Yeye na wenzake waliingia na kofia zao, wakasimama kimya. Jaji akawaamuru wavue. Fox akamuuliza ni wapi katika Maandiko, tangu Musa hadi Danieli, ambapo hakimu yeyote aliamuru watu wavue kofia mbele yake. Na kama ni sheria ya Uingereza, basi aonyeshwe ilikoandikwa. Jaji akapandwa na hasira, akajibu kwamba hatembei na vitabu vya sheria mgongoni. Akaamuru watolewe nje. Baada ya muda akawaita tena, akamtaka Fox amwambie kama watu wa zama hizo za Musa na Danieli walikuwa na kofia kabisa, akidhani sasa amemnasa. Fox alikuwa na jibu mfukoni: Shadraka, Meshaki na Abednego walipotupwa katika tanuru la Nebukadneza, Biblia ya Kiingereza inasema walikuwa wamevaa kofia zao. Jaji hakuwa na la kuongeza ila kumwita mkuu wa gereza awachukue. Walitozwa faini ya marki 20 kila mmoja kwa sababu ya kofia, wafungwe hadi walipe. Hawakulipa. Wakatiwa katika chumba cha chini cha gereza, ambacho uchafu wa wafungwa waliotangulia haukuwa umezolewa kwa miaka mingi.

Lakini kesi ya kofia iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni ile ya Septemba 1670, katika mahakama ya Old Bailey, London. Washtakiwa walikuwa wawili: William Penn, kijana wa miaka 25, mtoto wa admirali, na William Mead, mfanyabiashara wa vitambaa. Mwezi uliotangulia, tarehe 14 Agosti, walikuta askari wamefunga nyumba yao ya ibada katika mtaa wa Gracechurch, Penn akasimama barabarani akahubiri. Wakashtakiwa kwa kufanya mkutano wa fujo.

Walipokuwa wakiingia mahakamani, ofisa mmoja aliyekuwa mlangoni aliwavua kofia. Pengine aliwaonea huruma, pengine alitaka kazi iishe mapema. Angeachwa na busara yake, siku ile ingepita salama. Meya wa London, aliyekuwa miongoni mwa mahakimu, akamgombeza ofisa yule: nani amekwambia uwavue? Warudishie! Wakavikwa kofia zao. Wakasogezwa mbele ya mahakama, na hakimu mwenzake Meya akawauliza kama hawajui kwamba hapa ni mahakama ya mfalme, na kwa nini basi hawavui kofia kwa heshima. Penn alijibu kwamba haamini kuvua kofia kuwa ni heshima. Papo hapo wakatozwa faini ya marki 40 kila mmoja, zaidi ya pauni 26, fedha nyingi kwa siku zile, kwa kosa la kuidharau mahakama. Penn akaomba jambo moja liangaliwe: sisi tuliingia vichwa wazi, tukavikwa kofia kwa amri ya mahakama; basi kama kuna wa kutozwa faini, ni mahakama yenyewe.

Mahakama ilikuwa imeandaa kosa, ikalitenda kwa mikono yake, kisha ikamdai mwingine alipie. Kwangu mimi hakuna hoja nzito zaidi ya hiyo dhidi ya amri ya aina hii.

Kilichofuata kinajulikana kwa wanasheria wa nusu ya dunia. Raia 12 waliokaa kuamua kesi hiyo, akiwamo Edward Bushell, walikataa kusema Penn alifanya mkutano wa fujo. Wakakubali tu kwamba alihutubia mtaani, jambo ambalo si kosa. Wakafungiwa bila chakula, bila maji, bila moto wala tumbaku, warudi na jibu linalotakiwa. Wakarudi na lilelile. Wakafungiwa tena. Tarehe 5 Septemba walitamka kwamba washtakiwa wote wawili hawana hatia, nao wenyewe wakatozwa faini ya marki 40 kila mmoja na kupelekwa jela ya Newgate. Bushell na wenzake watatu waligoma kulipa, wakaiomba mahakama nyingine ichunguze uhalali wa kifungo chao, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba hakuna hakimu mwenye haki ya kuwaadhibu raia hao kwa sababu ya uamuzi wao. Uhuru wa raia kuamua kesi bila kuogopa adhabu, unaosifiwa hadi leo, ulizaliwa pale.

Na Penn? Ameonekana hana hatia, akaomba aachiwe. Haikuwezekana. Alikuwa bado anadaiwa faini ya kofia, na hivyo naye akapelekwa Newgate, mpaka ilipolipwa. Inaaminika baba yake, aliyekuwa mahututi kitandani, ndiye aliyelipa, akafariki katikati ya Septemba hiyohiyo. Miaka 11 baadaye kijana huyo alipewa na mfalme eneo kubwa ng'ambo ya bahari, ndiyo Pennsylvania ya leo.

Katika miaka hiyohiyo Waingereza wa tabaka la juu walikuwa wakiiga mtindo wa wigi kutoka Ufaransa, na kabla karne haijaisha majaji wao nao walikuwa wamejifunika nywele za farasi au za binadamu mwingine. Mtindo ulipopita mitaani, mahakamani ukabaki. Jaji alipomhukumu mtu kifo, juu ya wigi lile aliongezewa kitambaa cheusi. Yaani katika chumba kile ambamo mshtakiwa aliambiwa kichwa wazi ndiyo adabu, mwenye mamlaka alifunika kichwa mara mbili siku ya hukumu nzito kuliko zote. Wigi lilisafiri na dola, likavaliwa hadi Nairobi na Dar es Salaam, kwenye joto letu. Kenya ililiweka kando mwaka 2011, Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoingia madarakani. Kadhi wa nchi hiyohiyo, ambaye mahakama yake imetajwa katika Katiba ya 2010, hakuhusika na mabadiliko hayo, na anaendelea kusikiliza mirathi na talaka akiwa na kofia yake au kilemba chake, wala hakuna anayeona kwamba ameivunjia heshima mahakama.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kama kwa Wahindi wengi, hesabu ya adabu ilikwenda kinyume kabisa na ya London. Muungwana alijifunika kichwa na kuvua viatu. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa wa kiume hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu. Kichwa wazi ndicho kilichomtambulisha. Amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamoud bin Mohammed ilipoondoa hadhi ya utumwa kisheria, haikumwachia mtumwa uhuru mlangoni pake. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Wengi waliopata uhuru, kitu cha kwanza walichokimbilia ni kanzu na kofia, na wanawake mavazi ya kujisitiri ambayo zamani yalikuwa ya mabibi zao. Mtu kama huyo umwambie avue kofia ili aonyeshe heshima! Ungekuwa unamrudisha alikotoka.

Miaka minne kabla ya amri hiyo, abiria mmoja Mhindi alipita katika miji hii. Meli yake ilitia nanga Lamu, ikaja Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa zaidi ya wiki akingoja meli nyingine ya kumpeleka kusini. Alikuwa wakili wa miaka 23, jina lake Mohandas Gandhi, na alikuwa akienda Natal, katika Afrika Kusini ya leo, kumsaidia mfanyabiashara Mwislamu wa Kigujarati, Dada Abdulla, katika kesi ya madai. Alifika Durban mwishoni mwa Mei 1893, kavaa koti refu la Kizungu na kilemba kwa mtindo wa Bengal.

Siku ya pili au ya tatu mwenyeji wake alimpeleka mahakamani akaione. Akamketisha karibu na wakili wake. Hakimu akaanza kumkodolea macho yule mgeni, akaendelea kumkodolea, mwishowe akamwamuru avue kilemba. Gandhi akakataa, akainuka, akatoka nje.

Alichoelezwa baadaye na Dada Abdulla ndicho kinachofaa kukumbukwa na kila anayedhani sheria ya kofia ni msumeno. Katika mahakama ya Durban si kila Mhindi aliyelazimika kuvua. Mwislamu aliyevaa mavazi ya Kiislamu aliruhusiwa kubaki na kilemba, kwa sababu wafanyabiashara Waislamu walijiita Waarabu na serikali ilikubali kuwahesabu hivyo. Waparsi walijiita Waajemi. Waliobaki, Wahindu na vibarua wa mashamba ya miwa walioletwa kwa mkataba, ambao Wazungu waliwaita makuli, ndio waliovua. Gandhi mwenyewe hakukosa kuitwa "wakili wa makuli". Kwa hiyo kilemba kimoja, kitambaa kilekile, kilikuwa halali au haramu kulingana na jina ambalo serikali imempa anayekivaa.

Gandhi alifikiria kuepusha shari kwa kununua kofia ya Kizungu. Dada Abdulla akamkataza: kwanza angewaangusha wengine waliokuwa wakishikilia vilemba vyao, pili angefananishwa na mhudumu wa hotelini, kwani huko kofia za namna ile zilivaliwa na Wahindi Wakristo waliofanya kazi za kuhudumia mezani. Gandhi akaacha, akaandika gazetini kujitetea, na magazeti yakamwita mgeni asiyetakiwa. Hajamaliza wiki, Natal nzima imemjua, na kilichomtangaza ni kitambaa.

Kisha ikaja Septemba 1894. Gandhi aliomba kusajiliwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Natal. Chama cha mawakili kilipinga, mahakama ikatupilia mbali pingamizi, akaapishwa. Alipomaliza kiapo Jaji Mkuu akamwambia kwamba sasa amekuwa wakili, afuate kanuni za mavazi za mahakama: kilemba kivuliwe. Akakivua. Rafiki zake walisikitika, Dada Abdulla akiwamo. Yeye aliona kwamba kijana anayetaka kupigana vita vikubwa asimalizie nguvu zake kwenye kilemba, na kwamba aliyeomba mwenyewe kuwa mtumishi wa mahakama hiyo hawezi kukataa kanuni zake. Sijaona ajabu katika uamuzi huo, wala sidhani aliwaangusha wenzake. Mwaka 1893 aliingia kama mgeni aliyeketi pembeni. Mwaka 1894 aliingia kama sehemu ya mahakama. Tofauti hiyo ndogo, kati ya raia anayeletwa mbele ya sheria na mtu anayeizungumzia sheria, imekuja kuwa kiini cha kesi zote za karne yetu.

Uingereza yenyewe ilibadilika polepole. Mwaka 1982 aliteuliwa kuwa jaji mzaliwa wa Nairobi, Mota Singh, Singasinga ambaye kabla ya kuhamia London alikuwa wakili na mjumbe wa baraza la jiji la Nairobi. Wenzake walivaa wigi. Yeye alikaa kitini na kilemba cheupe. Alikuwa Mwasia wa kwanza kuwa jaji Uingereza, akaitumikia kazi hiyo miaka 20, na kilemba chake hakikuizuia mahakama kufanya kazi yake.

Vita vilihamia kwingine. Desemba 2008, katika mji wa Douglasville, jimbo la Georgia, Marekani, mwanamke Mwislamu alimsindikiza mpwa wake kwenye kesi ya makosa ya barabarani. Alizuiwa kwenye kifaa cha kukagua silaha mlangoni kwa sababu ya hijabu, akapinga, akageuka aondoke, akakamatwa na kuhukumiwa siku 10 jela kwa kudharau mahakama ambayo hata hakuwa ameingia. Aliachiwa siku hiyohiyo baada ya watu kupiga kelele. Julai 2009 baraza la mahakama la jimbo lilipitisha utaratibu mpya: anayefunika kichwa kwa sababu ya dini au ugonjwa aachwe, na kama usalama unataka akaguliwe, akaguliwe faraghani na ofisa wa jinsia yake. Hoja ya usalama, ambayo ndiyo hoja ya maana kuliko zote za wanaotaka marufuku, ilimalizwa kwa chumba kimoja na askari mmoja wa kike.

Montreal, Kanada, Februari 2015: mama mmoja alikwenda kuomba gari lake lililozuiliwa na serikali. Jaji alikataa kumsikiliza mpaka avue hijabu, akaifananisha na kofia na miwani ya jua. Mahakama ya Rufaa ya Quebec ilisema mwaka 2018 kwamba jaji alikosea.

Ulaya nayo ilikuwa na kesi zake. Bosnia, mwaka 2012, shahidi Mwislamu alikataa kuvua kofia yake ya ibada, akatozwa faini kubwa, akashindwa kulipa, akafungwa siku 30. Ubelgiji, mwaka 2007, dada wa mtu aliyeuawa alizuiwa kuingia kusikiliza kesi inayohusu kifo cha nduguye, kwa sababu sheria ya nchi hiyo wakati huo ilitaka wanaohudhuria wawe vichwa wazi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, iliwapa ushindi wote wawili, mmoja Desemba 2017, mwingine Septemba 2018. Katika shauri la Bosnia majaji walitaja jambo ambalo Jaji Glynne hangelielewa: shahidi yule aliitwa akaja, akaambiwa asimame akasimama. Alikuwa ameitii mahakama tayari. Na yule dada wa Ubelgiji hakufanya lolote la utovu wa adabu alipokuwa akiingia. Alikuja kusikiliza habari za marehemu wao.

Uso ni jambo lingine, na nisingependa lichanganywe na hili. Kanada mwaka 2012, na London mwaka 2013, majaji walipambana na nikabu, wakakubali kwamba anayetoa ushahidi huenda akatakiwa kuonyesha uso, maana wanaompima shahidi humtazama anavyosema. Pale kuna haki ya mshtakiwa ya kuzingatiwa, na pale mizani ina vitu viwili. Nywele hazimfichi shahidi kwa yeyote.

Majaji wa Strasbourg waliacha mlango mmoja wazi makusudi. Walisema wanazungumzia raia wa kawaida, si watumishi wa serikali, ambao dola inaweza kuwataka wasionyeshe dini yao kazini. Quebec imepita mlango kama huo: sheria ya Juni 2019 inawakataza waendesha mashtaka wa serikali, na watumishi wengine wenye mamlaka, kuvaa alama za dini kazini. Ujerumani nayo, mwanzoni mwa 2020, Mahakama ya Katiba ilikubali jimbo la Hesse limzuie mwanasheria mwanafunzi Mwislamu kuvaa hijabu anapokaa upande wa mahakama. Wanaotetea masharti haya husema jaji hana budi kuonekana hana upande. Wanaopinga wanauliza kama Mota Singh alionekana ana upande kwa miaka yake 20, na kama kichwa kisichofunikwa hakina dini. Mwanafunzi yule wa Hesse aliambiwa anaweza kuendelea na mafunzo yake, ila kesi zinaposikilizwa akae miongoni mwa watazamaji.